Tulivyomwimbia Dada Mwamini

Siku ile tuliyomsindikiza dada yangu Mwamini aende kwa mumewe kule Banalia, mwanangu, naikumbuka kama ya jana. Nyumba yetu ya mtaa wa Kabondo ilijaa akina mama. Asubuhi dada alinishika mkono akaniambia, "Mudogo wangu, leo uniimbie. Nikisikia sauti yako sitaogopa." Nikamwahidi.

Aliyeanzisha wimbo ni Mama Mukubwa Salima, dada yake mama. Ee, yule mama alijua kuimba! Sauti ilipanda, ikatetemeka, ikazunguka, ikashuka polepole. Nami nikataka kumfuata kila kona. Lakini mwiga tembo hupasuka msamba: sauti ikanikatika, wasichana wakacheka. Nikanyamaza, machozi yananilengalenga, na dada ndiyo hivyo anavishwa chumbani, karibu kutoka.

Mama Mukubwa akanifinya bega.

"Weye, unanyamaza juu ya nini?"

"Siwezi kuimba kama weye, Mama Mukubwa."

"Nani alikuambia uimbe kama mimi? Mimi si niko hapa! Sikiliza bamama."

Nikasikiliza. Akina mama wote walikuwa ndani ya wimbo mmoja, maneno yaleyale, kwa pamoja. Ila huyu aliivuta sauti, yule akaikata fupi, na bibi mmoja wa Maniema alikuwa akiichezesha kooni mpaka nikasisimka. Hakuna aliyepotea. Penye wengi hapaharibiki neno, mwanangu. Uzuri ulioje! Walimu wenu wa muziki huuita uimbaji huo heterofonia. Sisi tulisema tunaimba, basi.

Nikaingia na sauti yangu nyembamba, nikinyoosha pale wenzangu walipozungusha. Dada akatoka amefunikwa uso, haoni mtu. Akasimama mlangoni.

"Iyo sauti ni ya mudogo wangu," akasema, akaendelea kutembea.

Angenijuaje, kama sote tungeimba sawasawa?

Kwa hiyo, mwanangu, wimbo ushike vizuri, usiupotoshe, na wenzako uwasikilize. Kisha uupambe kwa koo lako mwenyewe. Ukimkuta anayekushinda, msifu kwa moyo wote, lakini usinyamaze. Simama pembeni yake uimbe. Mungu akupe pumzi ndefu, akuzungushie watu wa kuimba nao, na siku wanaokupenda watakapokutafuta kwa masikio, wakupate.