Shali la Mama Mkwe

Mkwe alikuwa ameapa mbele ya ukoo mzima wa mkewe kwamba fundi hatagusa gari lake: kompresa ya kiyoyozi ataibadilisha mwenyewe, na kesho mama mkwe atasafiri kwenye ubaridi wa bucha. Tangu asubuhi amejikunja uani, kichwa ndani ya boneti. Kila bolti anayoifungua huifuta kwenye fulana, huinusa kama mpishi anayenusa mchuzi, kisha huilaza kwenye trei ya mayai aliyoiandika namba kwa wanja wa mkewe. Kidole kikichubuka hukinyonya, akalisuta gari: "Kiburi chako kama cha shemeji zangu!"

Alasiri akafunga kompresa mpya, akajaza gesi, akawasha injini, akamketisha mama mkwe kiti cha mbele, vioo vyote juu.

"Vipi, mama?"

"Yallah, mwanangu, baridi itaniua! Nileteeni shali."

Mkewe akakimbilia ndani. Mkwe akatanua kifua, na hapo ndipo alipoliona tone la jasho likining'inia kwenye ncha ya pua ya mama mkwe. Akakohoa.

"Umenistiri, mama."

"Nawe nistiri, baba. Fungua kioo."

Akavishusha vyote vinne, kisha akarudi kwenye boneti kuifungua upya na kuinusa bolti namba moja.