Maksai Walioleta Bibi Harusi Mjini

Mnyororo wa plau ukiburuzwa kwenye lami una kelele yake, na mimi nikiusikia, hata niwe kikaoni, lazima nichungulie dirishani. Mpanda yetu ndivyo ilivyo: ofisi za mkoa huku, ng'ombe wanapita pale, ukisogea kidogo tu umeshaingia porini. Wenzangu ofisini hunicheka. Wacheke tu! Hawajui kwamba siku moja mnyororo kama huo uliingiza harusi nzima mjini, na aliyeongoza maksai nilikuwa mimi.

Tulikaa pembezoni mwa mji, upande wa Kakese. Kaka zangu walikuwa shule za bweni, kwa hiyo wakati wa kulima mama alishika plau, mimi nikatangulia mbele ya maksai wetu wawili, Bosi na Sheria. Baba hakuwa na neno, mradi tuwe shambani. Kwenda nao barabarani alinikataza kabisa. Msukuma mzima, ng'ombe wake wanaongozwa na binti? "Watu watasema sina watoto wa kiume," alisema. Liliniuma sana neno lile, maana nami nilijiona mtoto wake.

Basi dada yangu Kulwa akapata mchumba wa Mwanza. Wakwe wakaja na treni, wakafikia gesti, na maneno yakaanza kutufikia. Eti haya ndiyo makao makuu ya mkoa? Mbona tumbili wanavuka barabara kama wenye mji? Shangazi wa bwana harusi aliuliza kama kanisani kuna umeme. Kulwa akasema, "Nitaingia mjini kwa heshima, nyie ngojeni." Baba akamkodia gari jeupe, likapambwa maputo na riboni.

Usiku wa kuamkia harusi mvua ikamwagika. Asubuhi baba alitangulia kanisani kupokea wageni. Sisi tulipotoka na bibi harusi, hata nyumba haijapotea machoni, gari likazama kwenye tope. Dereva akakanyaga mafuta, likazidi kujichimbia. Tukashuka wote kusukuma, Kulwa naye kashika gauni mkono mmoja. Wapi! Mwisho injini ikazima, ikagoma kuwaka.

Mama akaanza kulia. Nilimwona dada anautazama mji, paa za mabati zinang'aa pale mbele, na nikajua wale wakwe sasa hivi wanaangalia saa na kucheka. Sikuomba ruhusa. Nilikimbia nyumbani na viatu vyangu vya harusi, nikawafunga nira Bosi na Sheria, nikabeba mnyororo wa plau, nikaja nao mbio.

Nilipofika nikakuta binamu yetu kaleta bodaboda. "Panda dada, sasa hivi tu tumefika," anamwambia Kulwa. Dada akatikisa kichwa. "Gauni litachafuka," akasema, akarudi kukaa ndani ya gari. "Mdogo wangu atanifikisha."

Dereva akafunga mnyororo. Nikapiga mluzi, Bosi akainamisha shingo, Sheria akafuata, na gari likatoka topeni kama jino! Tatizo, wale walikuwa maksai wa shamba. Kila wakitembea urefu wa shamba letu wanasimama, wanataka kugeuka waanze tuta lingine. Nilitembea kinyumenyume mbele yao nikiwabembeleza: "Bado, Bosi, shamba la leo ni refu, baba." Pembeni akina mama wakaanza vigelegele, wauza nyanya wakaacha meza zao, bodaboda wakatusindikiza na honi. Mpaka tunafika kanisani, mji mzima uko nyuma yetu.

Baba alikuwa amesimama mlangoni na wakwe. Alikuja taratibu, akawashika maksai pembe, akanitazama tope lote lile mwilini. Kisha akawageukia wageni, akasema kwa sauti ya mnadani, "Huyu ndiye anayenilimia. Ni mwanangu huyu!" Yule shangazi mtu ndiye aliyepiga kigelegele kirefu kuliko wote. Nami nililia, nilicheka, sijui nilianza na kipi.

Picha ya siku ile ipo sebuleni kwangu. Kwa miaka niliitazama nikijiona mwenyewe tu, na mluzi wangu mdomoni. Juzi mwanangu kaniuliza kwa nini gauni la mama mkubwa lina tope mpaka magotini. Nikamjibu bila kufikiri, si alishuka kusukuma gari, kabla sijaenda kuwachukua maksai. Halafu nikaichukua ile picha mkononi. Gauni lilikuwa limeshachafuka. Angepanda ile bodaboda, angewahi, na baba asingeniona.

Nikampigia simu Kulwa, nikamwuliza. Alicheka mpaka akakohoa. "Leo ndiyo umejua?"