Kaseti ya Mama Juu ya Meko

Mnisamehe kwa mwandiko na kwa makosa ya herufi. Niliishia darasa la sita, na mkono wangu ni mzito. Mstari mmoja naweza kuuandika asubuhi nikaumaliza jioni. Mkikuta herufi imepotea, ijazeni wenyewe. Ningeweza kusimulia kwa mdomo, lakini mbele ya watu sauti yangu haitoki. Tangu utotoni wananiita Bubu.

Mama alikufa kabla sijajifunza kutembea. Picha yake moja ilikuwa ukutani kwa bibi mzaa mama, huko Kyarumba, na mvua ilipovuja ikabaki karatasi tupu. Kilichobaki ni kaseti ya video. Mama alikuwa mwanakwaya, na kwaya yao iliimba kwenye arusi moja Kinyamaseke. Maarusi waliwapa nakala. Bibi hakuwahi kuwa na mashine ya kuitazama, lakini arusini alikuwepo, na aliniambia: "Mama yako amejifunga kitambaa cha njano kichwani. Anaimba amefumba macho. Utamjua tu, mna uso mmoja."

Kwetu milimani, kitu cha thamani hakifichwi sandukuni. Mbegu za maharage na mahindi ya kupanda hukaa kwenye uchaga, juu ya meko, moshi uzipitie mchana na usiku ili mdudu asizisogelee. Kwa hiyo bibi aliifunga kaseti kwa kitambaa, akaiweka huko huko pamoja na mbegu. Kila mwaka mbegu zilishuka kwenda shamba, kaseti ikabaki.

Mimi nilikuwa naishi Bwera kwa baba mdogo. Aliwahi kuwa askari, na nyumbani aliongea kama bado yuko kambini. Siku moja alirudi kutoka Mpondwe, mpakani, na mfanyabiashara Mkongomani, na nyuma yao mpagazi amebeba televisheni kichwani. Ilikuwa ya zamani, nzito, yenye mgongo mrefu, na chini ya kioo ilikuwa na mdomo wa kaseti. Wakati huo watu walishahamia kwenye diski. Mkongomani alisema ndiyo maana ameiuza rahisi.

"Iyi iko na video ndani," alisema, akaupapasa mdomo ule. "Hapana waya, hapana mashine ingine. Yote mu tumbo."

Baba mdogo aliitaka kwa ajili ya mpira. Mimi niliutazama ule mdomo mpaka nikajikuta nauliza.

"Baba, hiyo inakula kaseti?"

"Ee! Kumbe Bubu anaongea!" Akamwita mkewe aje asikie. "Kaseti gani?"

"Ya mama."

Akacheka, akasema sawa, niilete, lakini kwanza antena. Tuliifunga juu ya mti wa mkaratusi uliochimbiwa nje ya dirisha. Mimi nilikuwa naugeuza mti, yeye anapiga kelele ndani.

"Kushoto! Nusu! Rudi! Nani amekuambia upumue?"

Kioo kilijaa chenga. Kila nilipouachia mti, chenga zilirudi. Nikiushika, picha ilinyooka. Mama mdogo alisema hatimaye wameona faida yangu.

Nilipanda Kyarumba kuichukua kaseti. Bibi aliishusha kwa mikono miwili, akaipuliza majivu, akanifunga nayo mgongoni kama mtoto. "Ukishamwona, njoo uniambie amevaa nini," alisema. "Nimeanza kusahau."

Nilirudi Bwera siku ya mpira. Sebule ilikuwa imejaa wanaume, na yule Mkongomani naye alikuja kutazama. Mpira ulikuwa haujaanza. Baba mdogo alipoiona kaseti akasema tuanze na arusi, watu wapate kucheka kidogo.

Mkongomani aliipokea, akainusa.

"Papa, kaseti iyi ililala wapi? Inanuka sawa samaki ya kukausha."

"Labda mama yake alikuwa samaki," baba mdogo alisema, na sebule yote ikacheka.

Mkongomani hakucheka. Aliinua kifuniko kidogo cha kaseti, akatugeuzia tuone. Utepe ulikuwa umeshikana, na juu yake kuna kitu cheusi kama masizi ya sufuria. "Hapana kutia hivi. Kesho nitakuja na bisibisi. Nitafungua, nitapangusa na kitambaa laini, polepole. Ikiingia hivi, itakamatwa." Kisha akanigeukia. "Weye mutoto, ni kaseti yako. Unasema nini?"

"Huyu hana la kusema," baba mdogo alijibu. "Nimesema leo. Tia!"

Mkongomani akaitia.

Kwanza zilikuja chenga. Halafu chini kabisa ya kioo ikatokea miguu, mstari wa miguu ya wanawake kwenye sakafu ya kanisa. Juu yake mistari myeupe ilikuwa inakimbia na kuficha kila kitu. Sauti ilitoka nzito, inayoburuzika.

"Mama yako aliimba besi?" mtu mmoja aliuliza.

"Alikuwa na ndevu pia," mwingine akajibu.

Mimi nilikuwa nimepiga magoti karibu na kioo. Mkongomani alipiga magoti kando yangu, akawa anabonyeza kitufe cha kunyoosha picha, kidogo kidogo. Na kweli, mistari ikaanza kupanda. Zikaonekana sketi. Ikaonekana mikono iliyoshika vitabu vya nyimbo. Vikaonekana vifua, halafu mabega. Niliona ncha za kitambaa cha njano zimelala kwenye bega moja, la tatu au la nne. Mistari ilikuwa imefika shingoni.

Ndani ya mashine kitu kikalia kama mfupa unaovunjwa, na kioo kikawa bluu.

"Imekamatwa," Mkongomani alisema. "Lakini hapana ubaya. Mupira utaonekana tu, video iko kando. Iache ndani mpaka kesho."

Alibonyeza kitufe kingine na mpira ukaonekana, wachezaji wanaingia uwanjani. Kila mtu aliona. Baba mdogo naye aliona. Lakini alisema hawezi kukaa na marehemu ndani ya televisheni yake. Akaenda kuchukua koleo, akaliingiza kwenye ule mdomo, akavuta. Utepe ulitoka mrefu, mweusi, umekunjamana, ukaanza kukatika. Alivuta huku anatazama mpira. Kipande kimoja kilipokwama alikanyaga kaseti kwa kiatu ili apate nguvu.

"Nje," akaniambia. "Shika mti."

Niliushika mti mpaka mpira ukaisha. Mvua ilikuja, nikaendelea kuushika. Dirishani nilisikia wanashangilia.

Kesho yake Mkongomani alikuja na bisibisi na kitambaa chake laini. Aliutazama utepe uliotupwa uani, akasema, "Pole, mama," kama anaongea na mtu mzima, akaondoka. Mama mdogo akaukusanya. Aliufunga kwenye vijiti shambani kwake, juu ya mtama, ili kufukuza ndege. Upepo ukipita, utepe unavuma.

"Msikie," aliniambia. "Sasa anaimba. Na kazi amepata."

Bibi alishuka siku ya soko kuniuliza. Kabla sijafungua mdomo, baba mdogo alimjibu mbele ya wanawake wauza maharage. "Mama, sisi hatujaharibu kitu. Ni wewe uliyempika juu ya meko kama mahindi. Miaka yote hiyo ulikuwa unamkausha."

Bibi alinishika mkono. Nilipanda naye Kyarumba siku ile ile, na sijarudi Bwera. Njiani nilimwelezea kila kiatu nilichokiona: cheupe, cheusi chenye kifungo, cha plastiki. Alitikisa kichwa kwa kila kimoja. Siku ile mama aliazima viatu, na bibi hakumbuki kwa nani.

Alipofika nyumbani alishusha mbegu zote kutoka kwenye uchaga, akaziweka sakafuni, pembeni. Nilimwambia aziache juu. Akasema hataki tena kuweka kitu chochote hapo. Wakati wa kupanda ulipofika, tulifungua magunia, maharage yakawa unga mikononi mwetu. Msimu ule tulilima shamba la watu wengine.

Sasa ninyi mnaosoma. Ile kwaya ilikuwa ya Kyarumba, na arusi ilikuwa Kinyamaseke, kanisani. Kama wewe ndiye bwana arusi au bibi arusi, kama ulishika kamera, kama kaseti ya siku ile iko kwenu chini ya kitanda, usiitie kwenye mashine kwanza. Usiiweke karibu na moto. Niandikie kupitia hao waliokufikishia maandishi haya. Nasoma polepole, lakini nitaisoma barua yako yote. Miguu nimeshaiona, na mikono, na mabega. Kilichobaki ni kidogo tu, kuanzia shingoni kwenda juu.