Reli Juu ya Mlango Wangu

Mwanangu, ipo siku moja ya masika inayonirudia kila ninapoingia nyumbani kwangu hapa Korogwe.

Baba yangu alitoka Kigoma kuja kukata mkonge. Alishuka stesheni ya Korogwe na furushi lake la nguo, akapakiwa kwenye toroli, akapelekwa kambini kwa reli ndogo ya shamba. Enzi hizo reli hizo zilienea mashambani kote, zikipeleka mkonge kiwandani na marobota stesheni. Nasi watu wa kambi tulikuwa na desturi yetu: jeneza halikubebwa mabegani. Liliwekwa kwenye toroli, wanaume wakalisukuma taratibu, wakavuka kijito mpaka makaburini ng'ambo.

Bei ya mkonge ikaanguka, shamba likafungwa, treni ya abiria nayo ikaacha kuja. Ikabaki toroli moja tu, ya misiba. Mimi nilikuwa kijana, najenga, mbishi kama wewe (usinune, nakutania). Kiangazi, kijito kikiwa kikavu, nikang'oa vile vyuma viwili vya reli vilivyokuwa ndilo daraja lenyewe, nikavifanya linta, boriti ya juu ya mlango. Nilijiambia, reli ya nini na treni haipo? Sikumwambia mtu.

Masika yalipoingia, mama akafariki. Alikuwa ameomba azikwe kando ya mdogo wangu wa kike, tuliyemzika angali mchanga.

Tulimsukuma kwenye mvua, baba akitangulia. Kwenye kijito toroli ikasimama. Maji yamejaa, reli hazipo. Tulingoja mpaka alasiri, maji hayakupungua. Tukamzika upande huu, peke yake. Mwanangu, niliona aibu ambayo haijaniisha hadi leo.

Baada ya matanga baba alikuja kwangu, akainua mkono akaigusa linta.

"Hii ndiyo ya kijitoni?"

"Ndiyo, baba."

"Basi mwanao amelala kule, nawe huku," alisema, kana kwamba anaongea na marehemu. Akageuka, akaondoka. Hakuingia nyumba hii mpaka anakufa.

Juzi nimekuona na wenzako mkivipigia mahesabu vyuma vya stesheni, eti vimelala bure. Kabla hujang'oa chochote, waulize wakubwa nani bado anakitegemea. Na ukishakosea, sema mapema, mvua haijanyesha.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie ujenge nyumba ambayo baba yako ataingia.