Njia Aliyoihamisha Ghislain

Mtu akistaafu pale Durbuy, mji mdogo wa Ubelgiji, hapumzishwi. Mji humtafutia kazi ya bure. Mmoja hukabidhiwa funguo za kanisa, mwingine bustani ya shule. Ghislain Poncelet, aliyesambaza barua miaka thelathini na minne, alikabidhiwa kopo la rangi ya njano, brashi, na njia ya kilomita tisa inayoanzia kanisani, ikavuka mto Ourthe, ikapanda msituni na kurudi mjini kwa nyuma ya ngome. Kazi yake ilikuwa kupaka misalaba midogo ya njano kwenye miti na mawe ili watalii wa Jumapili, wale wanaokuja na viatu vilivyotoka dukani jana, wasipotee.

Aliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Wenzake walikodisha mitumbwi, waliuza jamu na bia, wakalalamika juu ya wageni mchana na kuwachekea jioni. Yeye alipaka. Msalaba ukipauka kidogo, kesho yake yupo pale na kopo lake. Mkewe Josiane alikuwa akiwaambia majirani kwamba siku yeye akifa, Ghislain atapaka msalaba kwenye jeneza ili aijue njia ya kurudi.

Sasa, watu wa kule wana jambo moja ambalo mgeni halielewi. Watakuazima gari. Watakufunulia tumbo wakuonyeshe kovu la operesheni. Lakini mahali wanapookota uyoga hawakuonyeshi, hata uwalilie. Ule uyoga mnene wa kahawia unaochomoza baada ya mvua za Septemba, kila ukoo una mahali pake, na mahali hapo hurithishwa kwa kunong'onezwa. Baba yake Ghislain alimtajia pao akiwa mahututi, tena kwanza alimtoa chumbani mtoto wake mwingine. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Josiane aliupika uyoga huo na mayai kila mwaka tangu aolewe, na miaka yote hiyo hakujua unatoka upande gani wa mto.

Bahati mbaya, njia ya misalaba ya njano ilipita hatua hamsini tu kutoka pale. Miaka mingi haikuwa shida. Watalii hutazama ramani, hawatazami chini. Halafu Jumapili moja ya Septemba Ghislain akakutana na mume na mke kutoka Flandria, wanashuka taratibu, kikapu kimejaa hadi mpini.

"Mchana mwema, bwana," yule mume akamwambia kwa furaha. "Huku kuna uyoga wa kutosha kulisha jeshi."

Ghislain akaitika salamu. Alipofika nyumbani hakula.

Jumatatu akapanda na brashi ya waya. Akakwangua misalaba saba, akapaka mingine saba kwenye kijia cha juu kinachopita mgongoni mwa mwamba. Ofisi ya utalii aliwaambia mti umeangukia njia ya chini na maji yamechimba shimo. Wakamshukuru kwa kuwahi. Hakuna aliyekwenda kutazama. Nani angemkagua Ghislain?

Kile kijia cha juu kikiwa kikavu hakina neno. Kikilowa, jiwe lake huteleza kama sabuni. Na mimi sitamtetea mtu huyu kwa kusema hakujua. Alijua. Alijiambia watu wazima wana macho.

Siku tatu tu zikapita. Ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi ni siku ya Mwalimu Odile Warzée. Huyu mama wa miaka sabini na minne aliwafundisha kusoma nusu ya watu wa mji, mabinti wawili wa Ghislain wakiwemo, na kwa miaka arobaini hakuwahi kukosa matembezi yake ya Alhamisi kwenye njia hiyo. Asubuhi kulinyesha. Saa saba mchana jirani yake alimwandalia supu, ikapoa. Saa tisa zimamoto wakaja kumgongea Ghislain, kwa kuwa hakuna aliyeujua msitu kama yeye.

Hakuwazungusha. Aliwapeleka moja kwa moja kwenye mwamba. Wakamkuta Mwalimu amelala ubavu chini ya jiwe, nyonga imevunjika, midomo ya buluu, bado anawasahihisha zimamoto jinsi ya kushika machela.

"Mzee, umejuaje kama yuko huku?" mmoja wao akamuuliza wakishuka.

"Nimehisi tu."

Gazeti la eneo lile likatoa picha yake. Kwenye baa wakamnunulia bia, wakamwita mbwa wa kuwinda. Akacheka nao, na kila bia ikamshuka kama dawa chungu.

Jumapili yeye na Josiane wakaenda hospitali. Mtoto wa Mwalimu, Benoît, alikuwa amefika kutoka Namur, amesimama dirishani na simu mkononi. Alikuwa mtu mpole, na ndiyo maana maneno yake yaliuma.

"Daktari anasema nyonga itapona," akawaambia kwa sauti ya chini, kana kwamba mama yake hasikii. "Mimi naogopa kichwa. Mama amepotea kwenye njia anayoipita tangu sijaenda shule. Msitu mzima huo ni wake."

"Mama yako bado anasikia vizuri," Mwalimu akasema kitandani.

Kisha akamgeukia Ghislain. Uso wake, ambao watoto wa mji mzima waliuogopa, ulikuwa kama unaomba ruhusa.

"Nilifika pale njia panda, Ghislain. Nikasema moyoni, njia inapita chini, kwenye ile miti mikubwa. Ningeapa. Lakini msalaba ulikuwa unaelekeza juu. Nikajiambia, Odile, umezeeka, fuata alama, usibishane na alama. Kwani haijawahi kupita chini?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Angesema neno moja tu. Josiane alikuwa anamenya chungwa, Benoît anatazama nje, Mwalimu anamngoja.

"Hutokea, Mwalimu," Ghislain akasema. "Umri ukienda, hutokea."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa polepole. "Haya," akasema. "Bora kujua."

Ghislain alishuka ngazi za hospitali akitamani ardhi ipasuke immeze. Kupaka misalaba ya uongo kulikuwa ni uchoyo, na uchoyo ni ugonjwa wa watu wengi. Lakini lile neno la pale kitandani lilikuwa kitu kingine. Alimnyang'anya mama wa watu akili zake timamu, akampa chungwa.

Wiki zikapita. Habari zikawa zinafika bila kuulizwa, kama ilivyo katika mji mdogo. Mwalimu ameruhusiwa, anatembea na kigari cha kuegemea. Benoît amempatia nafasi katika nyumba ya kutunzia wazee kule Namur. Nyumba ya Mwalimu itafungwa kabla ya Siku ya Watakatifu Wote. Paka wake amechukuliwa na jirani.

"Na yeye mwenyewe anasemaje?" Ghislain akauliza mezani.

"Amekubali," Josiane akasema. "Mwalimu Odile, yule aliyemfokea meya mbele za watu, amekubali kama mtoto. Anasema hajiamini tena." Akamtazama mumewe. "Na wewe una nini? Mwezi huu mzima unakula kama ndege. Uyoga wenyewe mwaka huu hujaleta hata mmoja."

"Mwaka huu haukuota vizuri."

"Mvua yote hii?"

Akainuka mezani.

Asubuhi iliyofuata akachukua kopo na brashi ya waya, akapanda msituni. Nia yake ilikuwa kurudisha misalaba chini kimya kimya, na aibu iishie hapo. Alikwangua mmoja. Alipofika wa pili akashusha brashi. Akaona vizuri alichokuwa anafanya: akiifuta hii saba, hakutakuwa na kitu chochote duniani cha kuonyesha kwamba Mwalimu alikumbuka sawa. Hata toba yake ilikuwa inatafuta pa kujificha. Akakaa juu ya jiwe lile lile la mwamba, mtu mzima wa miaka sitini na saba, akalia kwa kwikwi. Kisha akashuka na rangi mikononi, akaenda kwa Mwalimu bila kupitia nyumbani kunawa, maana alijijua: angenawa, angebadili na mawazo.

Benoît ndiye aliyefungua. Ukumbini kulikuwa na maboksi, vitabu vimefungwa kwa kamba. Mwalimu alikuwa ameketi mezani na koti lake, kama mgeni katika nyumba yake mwenyewe.

"Karibu, Ghislain. Kahawa ipo, vikombe ndivyo vimekwenda boksini."

"Sikai, Mwalimu." Akabaki wima, kofia mkononi. "Njia ilipita chini."

Benoît, aliyekuwa anainua boksi, akageuka.

"Ilipita chini miaka yote. Kwenye miti mikubwa, kama ulivyosema. Mimi ndiye niliyeihamisha, siku tatu kabla ya wewe kuanguka. Hakuna mti ulioanguka. Hakuna shimo. Nilisema uongo ofisini, halafu nikakuambia uongo wewe hospitali."

"Kwa nini?" Benoît akauliza.

Ghislain akatazama kofia yake. Angalau angekuwa na sababu ya maana, lakini hakuwa nayo. "Uyoga."

"Uyoga?"

"Mahali petu pa uyoga. Pa baba yangu. Watu walianza kupaona."

Benoît akaweka boksi chini polepole sana. "Mama yangu amelala saa nne kwenye mvua," akasema. "Nimemtafutia kitanda kwa wazee wasiojijua. Nimegawa paka wake. Kwa ajili ya uyoga." Hakupaza sauti, na Ghislain alitamani apaze, au ampige.

"Benoît, niache niongee na mwanafunzi wangu," Mwalimu akasema.

Ghislain hakuwahi kukaa darasani kwake. Kiumri walikaribiana mno. Hata hivyo aliinamisha kichwa kama aliyeitwa mbele ya ubao.

"Rudia. Njia ilipita wapi?"

"Chini, Mwalimu."

"Na mimi nilikumbuka wapi?"

"Chini."

Akafumba macho. Ghislain alisubiri matusi, na yalikuwa haki yake. Badala yake aliona mabega ya yule mama yakishuka, mkono ukitafuta ukingo wa meza, na machozi yakamtoka bila sauti. Hayakuwa ya hasira. Alikuwa anafurahi, na hilo Ghislain hakujiandaa nalo.

"Kesho utakwenda ofisi ya utalii," Mwalimu akasema alipopata sauti. "Utawaambia wote, na Josiane awepo. Kisha utawapeleka ukawaonyeshe, misalaba ya juu na miti ya chini. Mpaka pale pa uyoga."

"Nitawaonyesha."

"Benoît, mpigie jirani simu. Namtaka paka wangu." Kisha akavuta mtoto wa meza, akatoa rundo la karatasi zilizokunjwa mara moja moja. "Hizi chukua wewe. Nilikuwa naziandika kila asubuhi kabla ya kahawa, nione kama bado nimo humu kichwani. Sizihitaji tena."

Alizipokea. Akasema kwaheri.

Kwenye daraja, watalii wawili walikuwa wanapigana picha na ngome. Ghislain akaegemea ukingo, akafunua ya kwanza. Ulikuwa mwandiko wa ubaoni, herufi zimesimama wima: tarehe, siku, jina la mfalme, majina ya wajukuu watano na miaka yao, majina ya majirani kutoka kona hadi kanisani. Hakuna kosa hata moja. Akafunua ya pili, ya tatu, ya kumi. Zilikuwa ishirini na mbili, zote sahihi, na kila moja ilimalizika kwa mstari ule ule, uliopigiwa mstari chini kwa rula: *Ghislain Poncelet, aliyenikuta msituni. Huyu nisimsahau.*