Binti Yangu Hataki Kuacha Mwandiko wa Kidachi

Dada huyu ametuomba tulifiche jina lake na la kijiji chake, nasi tumekubali. Msomeni taratibu, mumjibu kama mngemjibu mtu wa nyumbani kwenu.

Ndaga, yaani asanteni, kwa kunipokea. Mimi ni mama wa mtoto mmoja. Umri wangu kamili siujui, lakini Wadachi, hao Wajerumani, walipoleta meli yao ziwani nilikuwa tayari nabeba mtungi wa maji kichwani, kwa hiyo mnaweza kunikadiria. Nilizaliwa upande wa Matema, kwetu ni wafinyanzi, nikaolewa huku kwenye mpunga, si mbali na Ngonga. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya misheni. Hata mimi yeye ndiye aliyenifundisha kusoma na kuandika, tukiwa tumeshaoana, ndiyo maana leo naweza kuwaandikia.

Vita vilipoanza shule ilifungwa, darasa likajazwa magunia ya mchele wa askari. Mume wangu akaamua kumfundisha binti yetu nyumbani. Hapa nitamwita Subi, si jina lake. Herufi za chapa alizijua zote, Injili alisoma bila kukwama. Kilichobaki ni mwandiko wa kuunganisha, ule ambao mkono hauinuki mpaka neno liishe.

Nyumbani tulikuwa na kitabu kimoja cha mwandiko, cha Kidachi. Kama hamjauona mwandiko wao, ni vijiti vyenye ncha vilivyosimama kama ua wa matete. N na u na e huwezi kuzitofautisha. Subi alijaribu akaishia kulia. Mimi nilisema tumwache azoee, maana mwandiko wa serikali ndio wenye kazi. Mume wangu akasema, "Mama Subi, mtoto akiichukia kalamu sasa, hataipenda tena. Nitatafuta kitabu kingine."

Kaka yangu alikuwa bado anapeleka vyungu kwa mtumbwi mpaka upande wa Karonga, kwa Waingereza, ng'ambo ya mto Songwe, kwa kujificha. Mume wangu akamwagiza. Kikaja kitabu cha Kiingereza, herufi zake za mviringo, zimeinama kidogo na kushikana vizuri. Niliogopa. Nikamwambia, "Baba Subi, huku tunapigana na watu hao. Kikionekana je?"

"Ni a na b tu, mke wangu," akanijibu. "Nani ataziogopa?"

Subi alikipenda kitabu kile. Kila tukitoka shambani alikaa barazani na kibao chake, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo, anaiga mstari kwa mstari. Baba yake alimsimamia nyuma, na akikosea alimshika mkono wakaandika pamoja. Ilikuwa raha kuwatazama, sitasema uongo.

Ndipo wakaja askari wa Wadachi kutafuta wapagazi na chakula. Mmoja wao alijua kusoma. Akamwinamia mtoto, akamsemesha kwa upole kabisa. "Unaandika vizuri, binti. Nani kakupa kitabu hiki?"

Subi alikuwa amefurahi kusifiwa. Akasema, "Baba alimwagiza mjomba, akakileta kutoka ng'ambo ya Songwe."

Mume wangu alitoka ndani akasema kitabu ni chake mwenyewe, amekuwa nacho tangu zamani, na mtoto hajui asemalo. Hawakumsikiliza. Walimfunga mikono, kitabu wakakichukua. Alipokuwa anapita mbele yangu aliniambia neno moja tu: "Usimgombeze mtoto."

Hawakumfikisha hata kwenye baraza la kumhukumu. Walimtwika mzigo akaenda na wapagazi wengine. Mtu mmoja wa Mbugani aliyekuwa naye safarini alirudi amebaki mifupa, akatuambia kwamba mume wangu aliharisha damu kwenye njia ya kupanda milimani, akashindwa kuinuka, msafara ukamwacha hapo. Mama mkwe alimlilia mwanawe bila kaburi.

Sasa Wadachi wameondoka na Waingereza wamekuja. Mwinjilisti wetu anakusanya watoto tena, na ameniletea kitabu kipya cha herufi za mviringo, karibu sawa na kile cha kwanza. Nilidhani Subi atafurahi. Hakukigusa. Alipanda darini akashusha kile cha Kidachi, na tangu hapo anaandika vile vijiti tu. Anaviandika vizuri kuliko hata baba yake.

Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Hiki baba asingechukuliwa kwacho. Ningekishika hiki tangu mwanzo, angekuwepo."

"Si kosa lako, mwanangu."

"Mimi ndiye niliyesema, mama," akajibu, akaendelea kuandika.

Mwinjilisti ananiambia nimwondolee kitabu hicho haraka. Anasema mwandiko huo hakuna atakayeusoma tena, na hawa mabwana wapya wakikuta karatasi za Kidachi nyumbani mwa mtu wanauliza maswali marefu. Mama mkwe anasema, "Mwache. Ukimnyang'anya na hicho atabaki na nini?" Wote wawili wanampenda mtoto. Mimi katikati yao sijui nimsikilize nani.

Leo asubuhi askari wa Kiingereza wamepita njiani, karibu kabisa na baraza letu. Subi hakuinua hata kichwa. Mimi nilikimbia nikaketi mbele yake, nikatandaza nguo yangu juu ya kitabu, nikawasalimu. Walipopotelea migombani, akaisogeza nguo yangu polepole akaendelea na mstari wake.

Ndugu zangu mnaolea, nikichukue kitabu hiki, au nimwachie? Nishaurini upesi, maana askari wale watarudi kwa njia hiyo hiyo.