Mume Wangu Hakuchimba Dhahabu

Mume wangu hakuchimba dhahabu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalosemwa sokoni, kwa vinyozi na, kwa aibu yao, hata hekaluni: kwamba Januari ya mwaka huu wa 2008, mji ulipokuwa umefungwa kwa fujo, Ramniklal alikuwa akibomoa ukuta wa duka la baba yake akitafuta dhahabu iliyofichwa na wazee. Wengine wanaongeza kwamba alikuwa amerukwa na akili. Dhahabu haikuwepo. Baba mkwe wangu aliuza vitambaa kwa mita, na alichopata kilikwenda kwenye karo za watoto. Na akili ya mume wangu ilikuwa timamu kuliko za wanaomsema. Nitaeleza alichokuwa akifanya, kwa utaratibu, kama nilivyokuwa nikieleza darasani miaka yote niliyofundisha kemia.

Duka hilo liko mtaa wa nyuma ya soko kuu. Limejengwa kwa yale mawe ya kijivu ya huku kwetu, mawe laini yanayokubali tindo, yakaunganishwa kwa chokaa. Chini ni duka, juu vyumba vya familia, mbele baraza yenye nguzo za mbao. Ramnik alizaliwa katika chumba cha juu kinachotazama reli. Alikuwa mtoto wa kwanza, na baba yake alipoanza kuugua miguu, ndiye aliyetolewa shuleni akasimama nyuma ya kaunta, ili mdogo wake, Jayant, aendelee na masomo. Jayant aliendelea hadi Uingereza, akakaa huko Leicester. Ramnik alikaa kaunta. Alipima kitambaa kwa mkono kwa usahihi kuliko wengine wanavyopima kwa futi, na hata Jumapili ungemkuta na utepe wa kupimia shingoni, amesahau kuuvua. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Watu walishangaa nilipokubali kuolewa naye, mimi mwenye shahada. Kwenye meza yangu ya chakula tofauti hiyo haikuwahi kukaa.

Mitumba ilipojaa mjini, biashara ya vitambaa ilikufa polepole. Baba mkwe akafariki, duka likafungwa, Ramnik akaajiriwa kutunza stoo ya watu. Jengo likabaki la ndugu wawili kwa pamoja. Kwetu mali ya baba haikatwi vipande: ndugu wote wakubali, la sivyo hakuna kinachofanyika. Ndiyo maana mnaona nyumba nyingi za aina hii mjini zimefungwa, njiwa wanaingia juu, mabango ya mikutano ya injili yamebandikwa milangoni. Si kwamba wenyewe wamezisusa. Mmoja yuko Toronto, mwingine London, na wa tatu hataki kuulizwa. La kwetu lilikaa tupu miaka mingi. Kila Jumamosi Ramnik alikwenda kufagia baraza, akarudi nyumbani, asiseme alichokifikiria huko.

Katikati ya mwaka jana akatokea mnunuzi aliyetaka kubomoa ajenge ghorofa. Jayant alimpigia kaka yake simu.

"Uza, bhai. Hiyo ni nyumba ya njiwa."

"Njoo uione kwanza."

"Nione nini? Nilikulia humo."

"Ulikulia humo ikiwa na watu. Njoo Diwali. Ukiiona ina watu na bado ukataka kuuza, nitatia sahihi."

Jayant akakubali. Tangu siku hiyo mume wangu alikuwa na kazi moja tu duniani: Diwali, sikukuu yetu ya taa, ikifika, jengo liwe na watu.

Akapata mafundi wawili wa cherehani, Wangeci wa Bondeni na Chepkurui wa Rhonda, waliokuwa wakishona yunifomu za shule kwenye kibanda kilichovuja. Aliwapa duka la chini, na chumba kimoja cha juu wakafundishie wasichana. Nilikwenda siku ya kwanza na chupa ya chai nikawakuta wakibishana naye.

"Mzee, hii kaunta yako ni ndefu kama uwanja wa ndege," Wangeci alisema. "Tuikate nusu."

"Haikatwi."

"Sasa tutapita wapi?"

"Pita chini yake. Mimi nilipita chini yake mpaka nikaoa."

"Ndiyo maana ulikaa mfupi," Chepkurui akasema, na Ramnik akacheka. Sikumbuki mara ya mwisho nilipokuwa nimemsikia akicheka mbele ya wageni.

Sasa nifike kwenye rangi, maana hapo ndipo uvumi ulipozaliwa. Kila mwaka kabla ya Diwali familia yetu hupaka nyumba upya, na duka lile lilipakwa chokaa nyeupe tangu lijengwe. Lakini Ramnik alitaka ling'ae kwa ajili ya ndugu yake. Alinunua rangi ya mafuta, ya manjano, ile iliyoiva kama ua la alizeti. Nilimwambia asiitumie. Mawe yale hunywa maji ya mvua na kuyatoa tena, na chokaa huyaacha yatoke. Rangi ya mafuta huyafungia ndani kama kifuniko cha sufuria.

"Mwalimu," akaniambia, aliniita hivyo alipotaka kuukwepa ubishi, "Jayant amezoea nyumba zinazong'aa. Mwaka mmoja tu."

Akapaka. Sitakataa kwamba lilipendeza. Watu walisimama kulitazama.

Jayant hakuja. Alipiga simu wiki hiyo ya Diwali, kazi imembana, atajitahidi mwaka ujao. Mafundi walikuwa wamefunga mapema. Tulipanga taa za udongo barazani sisi wawili, tukakaa kwenye viti vya dukani tukizitazama zikiwaka mbele ya mtaa uliokwisha kwenda kulala. Ramnik hakumlaumu ndugu yake hata kwa neno. Alisema tu kwamba utambi wa taa ya mwisho ulikuwa mfupi.

Kisha mvua. Desemba kipande kikubwa cha plasta kikamomonyoka juu na kuangukia baraza. Hakuna aliyeumia. Afisa wa majengo alikuja, kijana mwenye adabu.

"Mzee, siwezi kuliacha hivi. Watu wanapita hapa."

"Nipe muda."

"Mwisho wa Januari. Nikirudi nikute ukuta umetengenezwa. La sivyo litaandikwa kuwa la hatari, na hapo ni kubomoa tu."

Mafundi wakaambiwa wakae nje mpaka wakati huo. Mashine zao zikabaki ndani. Jayant alipoambiwa kwa simu alisema, "Basi, tumerahisishiwa." Mume wangu alirudisha simu mahali pake, akakaa kando yake muda mrefu kama anayengoja ilie tena.

Ukuta kama ule hauponi kwa kuziba shimo. Lazima rangi yote ya mafuta itoke, mawe yakauke, ndipo upake chokaa. Ramnik alipatana na Jonah, fundi wa ujenzi, waanze baada ya uchaguzi. Mnajua yaliyofuata uchaguzi. Jonah alikaa na watoto wake, na nani angemlaumu? Kwa hiyo mume wangu, mtu mwenye pumu, mwenye umri wa kukaa juani na gazeti, alipanda ngazi na kikwangulio akaanza peke yake.

Hicho ndicho watu walichokiona. Mzee wa Kihindi juu ya ngazi, anakwangua ukuta, vumbi la manjano linamwagika chini. Siku za mwanzo wapita njia walimtania.

"Buda, ukiipata utugawie."

"Nikiipata nitakuita," alijibu. Wakacheka. Yeye alidhani ni utani, nao wakaenda wakaueneza kama habari.

Mwishoni mwa Januari vurugu ziliufikia mji wenyewe. Moshi ulionekana upande wa mitaa ya chini na maduka yote yakafungwa. Nilimwambia akae nyumbani. Alisema tarehe ya afisa haijabadilishwa na mtu yeyote. Nilikaa sebuleni kando ya simu, mapazia yamefungwa, na sikuwa na jirani wa kuzungumza naye; waliobaki walikuwa wamejifungia kama mimi. Alirudi jioni kabla ya amri ya kutotoka nje, nyusi zake za manjano, akikohoa. Nilimpa maji ya moto, akanywa, akalala.

Siku mojawapo Wangeci alikwenda kuchukua mashine yake, akamkuta huko. Amenisimulia mwenyewe.

"Mzee, watu wanachomewa nyumba, na wewe unakwangua ukuta?"

"Huu ndio ninaoufikia," akamwambia.

Wangeci hakuchukua mashine. Alimshikia ngazi alasiri nzima. Kabla hajaondoka Ramnik alimwomba afunike cherehani ya Chepkurui ili vumbi lisiingie. Chepkurui alikuwa ameshachukuliwa na kaka zake kwenda kwao Kericho, maana watu wa kabila lake na wa kabila la Wangeci walikuwa wakipigana. Basi anayetaka kujua kama mume wangu alikuwa na wazimu, au kama alikuwa akitazama nyuma ya mawe, akamuulize Wangeci. Yupo. Anayesimulia bila kumuuliza anatunga.

Ukuta ulibaki sehemu ndogo ya juu. Kifua ndicho kilichomshinda. Tulimpeleka hospitali Februari, akalazwa, na mimi nikakaa kitandani pake. Alasiri ya mwisho pumzi ilimpa nafasi akazungumza nami, si kidogo. Jioni akafariki.

Jayant alikuja kuuchoma mwili wa kaka yake, kama dini yetu inavyotaka. Safari hiyo tiketi ilipatikana. Katika siku za maombolezo, sebule imejaa jamaa wa mavazi meupe, akanigeukia mimi, shemeji yake.

"Bhabhi, alisema nini kuhusu jengo?"

Jamaa wakageuka kunitazama.

"Jengo haliuzwi," nikasema.

"Ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo ninavyosema mimi. Sehemu yake sasa ni yangu, na bila sahihi yangu huwezi kuuza hata bawaba."

Shangazi mmoja alikohoa. Jayant akaomba chai. Aliondoka wiki hiyo hiyo.

Jonah alirudi akamaliza sehemu iliyobaki, akapaka chokaa nyeupe. Afisa, aliyecheleweshwa na vurugu, alikuja Machi, akapitisha kiganja ukutani, akaandika kwamba nyumba ni salama. Wangeci anashona peke yake. Chepkurui hajarudi, na Wangeci ameacha kumtaja. Asubuhi mimi huenda kukaa naye dukani, nikikata nyuzi na kushona vifungo. Kuna siku tunamaliza asubuhi yote kwa maneno machache tu. Juu vyumba ni vitupu bado, na nikipanda kufungua madirisha nasikia viatu vyangu mwenyewe.

Sasa uvumi umepata mguu mwingine: kwamba pale hospitalini Ramnik alichoka, akaniambia niuze, na mimi kwa kiburi nimeficha wosia wake. Jayant ameuliza tena kwa simu, mara mbili. Shangazi ameuliza. Hata mchungaji wa kanisa la jirani, ambaye hakumjua Ramnik hata kwa sura, ameuliza.

Nimeeleza ukuta. Nimeeleza rangi, na ngazi, na vumbi. Yaliyosemwa kitandani yalisemwa kwa mkewe. Siyaelezi, na msiniulize tena.